Impreza Iliyoshushwa Inalia Nyuma: Jinsi ya Kutafuta Chanzo na Kukitibu

Ukipita tuta polepole na nyuma ya gari ikatoa mlio mrefu kama wa mlango wenye bawaba kavu, na mlio huo ulianza baada ya kuweka springi fupi au koilova (shokapu na springi za seti moja ambazo urefu wake hurekebishwa), usikimbilie kununua shokapu. Gereji nyingi zitakuambia, "Bosi, shokapu zimekwisha." Shokapu iliyokufa huliacha gari lidundedunde, huvuja mafuta, au hugonga. Mlio mrefu wa kukereketa ni kazi ya mpira na chuma vinavyosuguana, au mpira unaosokotwa kupita kiasi. Kwenye gari lililoshushwa, mpira uliosokotwa ndio wa kushukiwa kwanza, na kuutibu mara nyingi hakuhitaji spea hata moja.

Mwongozo huu ni wa Subaru Impreza za kizazi cha pili, zilizotengenezwa kati ya 2000 na 2007, WRX na STI zikiwemo. Mapenzi yetu kwa gari hili yana mizizi katika Safari Rally: Colin McRae alishinda 1997 na Richard Burns 2000, wote wawili wakiendesha Impreza. Magari yale ya mashindano yaliinuliwa juu na kupewa saspensheni yenye nafasi kubwa ya kupanda na kushuka. Tunapoyashusha ya kwetu, vyuma vya nyuma vinakaa katika pembe ambayo kiwanda hakikuipanga. Kizazi kilichofuata, kilichoanza 2007, kilibadilishwa nyuma na kuwekewa wishiboni mbili (amu ya juu na ya chini), lakini kanuni ya bushi nitakayoieleza ni ileile.

Kwanza ujue kilichopo nyuma

Kila upande una shokapu iliyozungukwa na springi yake. Juu imefungwa kwenye bodi kwa maunti, chini imefungwa kwa bolti mbili kwenye nyumba ya beringi ya gurudumu. Kutoka krosimemba, kile chuma kinene cha katikati chini ya gari, zinatoka amu mbili za pembeni zinazofuatana, moja mbele na nyingine nyuma yake, hadi kwenye nyumba ya beringi. Bolti moja ndefu inapita kwenye ncha za amu zote mbili pamoja na nyumba yenyewe. Amu ya tatu inaelekea mbele na kushikwa kwenye bodi. Mwisho ni stabilaiza, ile fimbo inayovuka kutoka upande hadi upande, ikiwa na mipira miwili inayoishikilia na linki moja kila ncha.

Karibu kila kiungo hapo kina bushi, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Bushi ya kiwandani haizunguki wala haitelezi. Ni mrija wa chuma ndani, mrija wa chuma nje, na mpira katikati ulioshikamana na mirija yote miwili. Ukikaza bolti, mrija wa ndani unabanwa usicheze kabisa. Gurudumu linapopanda na kushuka, mpira unajisokota kidogo kisha unarudi. Kiwandani bolti hukazwa gari likiwa katika urefu wake wa kusimama, kwa hiyo likiwa limeegeshwa mpira umepumzika.

Sasa shusha gari milimita 40 bila kuzigusa bolti hizo. Chukua amu yenye urefu wa sentimita 40: imezunguka karibu digrii 6, na mpira wake unakaa umesokotwa mchana na usiku. Hali huwa mbaya zaidi fundi akifungua bolti hizo wakati wa kuweka springi, kisha akazikaza gari likiwa juu ya jeki na magurudumu yananing'inia. Likishushwa chini, mpira unasokotwa kwa umbali wote ule kutoka kuning'inia hadi kusimama. Matokeo yake ni mlio, kisha mpira kubanduka kwenye chuma, kisha kupasuka. Kumbuka pia kwamba gari la 2005 lenye bushi zake za awali limebeba mpira wa miaka 20 hivi.

Hatua ya 1: Sikiliza kabla ya kushika spana

Zima redio, fungua madirisha ya nyuma, na upite kwenye tuta kwa mwendo wa kutembea. Mlio mrefu wakati nyuma inazama au inainuka ni wa bushi, kiti cha springi au stabilaiza. Mlio mmoja mfupi wa kugonga ni wa linki iliyolegea, maunti iliyokufa, au shokapu inayofika mwisho wa safari yake. Mngurumo unaoongezeka na mwendo ni beringi ya gurudumu, nayo si ya mwongozo huu. Mkwaruzo gari likiwa limejaa abiria huwa ni tairi inayogusa kava la plastiki ndani ya mbawa, jambo la kawaida ukiwa na rimu pana.

Angalia na hali ya hewa. Mlio unaopotea mvua ikinyesha na kurudi barabara ikikauka unatoka mahali ambapo uso wa mpira unasugua chuma kwa nje: mipira ya stabilaiza, bushi za poliurethani (plastiki ngumu inayotumika badala ya mpira), au kiti cha springi. Maji huvilainisha. Mlio usiojali mvua unatoka ndani zaidi. Kipimo hiki hakikugharimu chochote, na hupunguza orodha ya washukiwa kwa kiasi kikubwa.

Hatua ya 2: Toa vya kwenye buti

Toa kila kitu: jeki, spana ya tairi, tairi ya akiba, spika ya besi kama ipo. Sukuma mgongo wa kiti cha nyuma uone kama unacheza. Tikisa bomba la ekzosi likiwa limepoa. Mpira wa kuningʼinizia uliokauka hulia sawasawa na bushi, na ekzosi kubwa za kufunga baadaye zina uzito ambao mipira ya awali haikutengenezewa. Kisha rudia lile tuta.

Hatua ya 3: Bonyeza gari na usikie kwa mkono

Unahitaji mtu wa pili. Mahali pazuri kuliko pote ni gereji yenye shimo, kwa sababu gari linabaki limesimama kwa magurudumu yake na wewe uko chini ukiwa salama. Bila shimo, pandisha magurudumu ya nyuma juu ya rampu imara na uweke vizuizi mbele. Usiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

Mwenzako abonyeze mdomo wa buti kwa uzito wake, taratibu, juu na chini, hadi mlio utoke. Wewe weka kiganja kwenye kiungo kimoja kimoja: ncha za ndani za amu, ncha za nje, mipira ya stabilaiza, linki, chini ya springi. Kiungo kinacholia kinatetemeka, na utakisikia mkononi kabla ya sikio kukubaliana nawe. Bisibisi ndefu pia inasaidia: ncha yake kwenye kiungo, mpini kwenye sikio. Epusha vidole na katikati ya mizunguko ya springi na kati ya tairi na mbawa, maana kwenye gari lililoshushwa nafasi hizo hufungika.

Sikio peke yake hudanganya sana hapa. Bodi hubeba sauti, na mlio wa krosimemba unaweza kusikika kama uko kwenye kona ya kiti cha nyuma.

Hatua ya 4: Tenga stabilaiza

Fungua linki za stabilaiza pande zote mbili. Ukifungua upande mmoja tu utakuwa hujatenga kitu. Sogeza ncha zisiguse chochote, kisha bonyeza gari tena. Mlio ukitoweka, umempata: ni mipira inayoishika fimbo au linki zenyewe. Mipira hiyo ni ya bei nafuu na hubadilishwa bila kushusha kitu kingine. Pima unene wa fimbo kabla ya kwenda dukani, kwa sababu WRX na STI hazina stabilaiza za unene mmoja, na ukiwa Grogan pale Nairobi au Gerezani jijini Dar utaulizwa kipimo. Mpira wenye tundu kubwa kuliko fimbo utaanza kulia ndani ya wiki chache.

Hatua ya 5: Jaribio la maji

Kama mlio bado upo, chukua chupa ya kupulizia yenye maji na sabuni kidogo ya kuoshea vyombo. Lowesha kiungo kimoja tu, mwenzako abonyeze gari, sikiliza. Halafu kinachofuata. Usiloweshe vyote kwa mkupuo, maana mlio utanyamaza na hutajua aliyekuwa analia.

Hapa kuna tabia ninayoomba iachwe: kupulizia dizeli au kupaka oili chafu kwenye bushi. Ni kweli mlio hunyamaza. Lakini mafuta ya petroli huufanya mpira uvimbe, ulainike na kubanduka kwenye chuma, na mwezi mmoja baadaye bushi iliyokuwa inalia tu inakuwa imekufa. Maji hukauka bila madhara. Ukitaka kitu kinachokaa muda mrefu kidogo kwa ajili ya kupima, tumia silikoni ya kupulizia.

Hatua ya 6: Legeza, kisha kaza gari likiwa katika urefu wake

Kama mkono na maji vimekuelekeza kwenye bushi za amu, au hukupata jibu la wazi na gari limeshushwa bila bolti hizi kulegezwa, fanya hatua hii kabla ya kununua chochote.

Egesha gari mahali tambarare, likiwa na mafuta ya kawaida na buti tupu. Kwa futi ya mkanda pima wima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa mbawa, kushoto na kulia, na uandike. Namba hizo mbili ndizo dira yako.

Kabla ya kulegeza chochote, tafuta bolti za ndani za amu ya nyuma, pale inaposhika krosimemba. Zina sahani ya mviringo ambayo bolti haipiti katikati yake kamili, na ndizo zinazopanga mwelekeo wa gurudumu. Piga alama ya rangi inayovuka sahani na chuma kilicho nyuma yake. Bila alama hiyo utamaliza mlio na kuanza kula tairi.

Ukiwa na shimo, kazi ni rahisi: gari liko kwa magurudumu yake, mpira uko katika urefu unaotakiwa. Bila shimo, zuia magurudumu ya mbele, tia gia ya kwanza, inua nyuma na uweke stendi kwenye sehemu za bodi zilizoimarishwa na kiwanda. Toa magurudumu, acha linki za stabilaiza zikiwa zimefunguliwa, kisha weka jeki chini ya nyumba ya beringi na uinue hadi umbali kutoka katikati ya haubu (kitovu ambacho gurudumu hufungwa) hadi ukingo wa mbawa ulingane na ule ulioandika. Tazama stendi muda wote. Springi za koilova ni ngumu, na bodi ikianza kunyanyuka juu ya stendi, simama hapohapo, teremsha, na utafute rampu au shimo. Kufika karibu na kipimo hakutoshi kuhalalisha gari kuyumba juu ya stendi.

Sasa legeza nati moja moja: ncha za ndani za amu zote mbili, bolti ndefu ya nje, na ncha mbili za amu ya tatu, ile inayoelekea mbele. Huhitaji kutoa bolti. Inatosha mrija wa ndani uwe huru kuzunguka. Mara nyingine utausikia mpira ukijifyatua unaporudi mahali pake, na huo ni ushahidi tosha. Kama uko kwenye shimo, mwenzako abonyeze gari nati zikiwa zimelegea. Kimya kikipatikana, ugonjwa umeujua.

Kaza upya gari likiwa bado katika urefu huo, kwa spana ya kipimo, ukifuata namba za kitabu cha ufundi cha modeli yako. Bolti zenye sahani zishike kichwa zisizunguke, ukaze nati, na uhakikishe alama ya rangi imerudi ilipokuwa. Mashine ya upepo ni nzuri kwa kufungua; kwa kumalizia kukaza haifai, kwa sababu haikuambii umefika wapi. Fanya upande wa pili vivyo hivyo, rudisha linki, rudisha magurudumu.

Tangu siku hiyo, kila utakapobadilisha urefu wa gari, hata kwa sentimita mbili, rudia hatua hii.

Kama mlio umetoka kwingine

Bushi za poliurethani zina tabia tofauti. Zimetengenezwa zizunguke juu ya mrija, kwa hiyo hazisokotwi, lakini zinahitaji grisi. Zikikauka au zikiingia vumbi hulia kuliko bushi zote. Dawa ni kuzifungua, kuzisafisha, na kupaka grisi ya silikoni nene inayouzwa kwa ajili ya poliurethani, ndani ya tundu na kwenye nyuso za pembeni zinazogusana na chuma. Grisi ya kawaida ya beringi huoshwa haraka na hushika vumbi. Kwa anayeishi kwenye barabara ya vumbi na analitumia gari kila siku, ningeshauri mpira wa kawaida ulio mpya. Poliurethani inamfaa anayekubali kuifungua na kuipaka tena mara kwa mara.

Kwenye koilova, anza na springi. Inua gari magurudumu yaning'inie, shika springi uitikise. Ikicheza, ina nafasi, na kila gurudumu linapodondoka shimoni springi inahama kwenye kiti chake na kulia au kugonga. Wengi huleta tatizo hili wenyewe kwa kushusha gari kwa kulegeza ringi ya springi, ilhali koilova yao ina bano la chini linaloweza kuzungushwa. Kama lako lina bano hilo, springi ikae imeshikwa barabara, na urefu uupange kwa bano. Kagua pia ringi ya kufungia isiwe imelegea. Chuma kikigusa chuma kwenye kiti cha springi, safisha mchanga wote na uweke washa ya nailoni au mpira ya kipimo cha springi yako.

Maunti za juu zenye kiungo cha chuma cha mviringo badala ya mpira hulia zikishaingia vumbi. Kuzipata utatoa kiti cha nyuma au kava la pembeni kutegemea bodi. Kuzipulizia upepo na kilainishi hununua wiki kadhaa. Kama kiungo kinacheza kwa mkono, kinabadilishwa.

Wenye STI wakumbuke kwamba nyingi zilitoka kiwandani na shokapu zilizogeuzwa juu chini, zikiwa na grisi ndani ya mwili wake. Grisi hiyo ikikauka, shokapu hugonga au kulia ingawa bado inazuia gari kudunda. Fundi anayezifahamu anaweza kuzifungua, kuzisafisha na kuzipaka grisi upya.

Mwenye springi fupi juu ya shokapu za kawaida atazame stopa ya mpira kwenye fimbo ya shokapu. Ikiwa imepondeka au imekatika, gari linafika mwisho kila tuta. Usiikate isipokuwa mtengenezaji wa springi ameagiza hivyo na kutaja kipimo.

Bushi zilizokufa, na ile bolti ndefu

Bushi iliyopasuka hadi ndani, au iliyobanduka kwenye mrija wake, haiponi kwa kukazwa upya. Hapo unabadilisha, pande zote mbili kwa wakati mmoja.

Jiandae kwa ile bolti ndefu ya nje. Ni maarufu kwa kuungana na mirija kwa kutu, hasa kwa magari yaliyokaa Mombasa, Zanzibar au Dar karibu na bahari, na yale yaliyotoka sehemu za theluji za Japani ambako barabara humwagwa chumvi wakati wa baridi. Dalili ni kwamba nati inafunguka lakini ukizungusha bolti mpira unasokotwa pamoja nayo. Nunua bolti na nati mpya kabla ya kuanza. Pulizia mafuta ya kulainisha kutu usiku uliotangulia, kisha ifanyie kazi mbele na nyuma, mbele na nyuma, bila pupa. Kuipiga nyundo kichwani kwa hasira kunaharibu uzi na kupanua ncha isipite tena. Ikikataa kabisa, hukatwa kwa grainda kati ya amu na nyumba ya beringi, na amu hubadilishwa. Moto unaweza kusaidia, lakini unaunguza bushi, kwa hiyo uutumie tu kama bushi zote za hapo zinatupwa.

Kuingiza bushi mpya ni kazi ya mashine ya presi. Nyundo hupinda mrija wa nje. Wakati wa kurudisha, paka grisi nyembamba kwenye mwili wa bolti mpya ili anayekuja baada yako asiteseke. Nyuzi ziache kavu, maana nyuzi zenye grisi hufanya kipimo cha kukaza kisiwe sahihi. Na kukaza kwa mwisho ni kama katika hatua ya 6: gari katika urefu wake.

Alaimenti na kukagua tena

Nenda alaimenti hata kama alama zako za rangi zilirudi sawasawa. Gari lililoshushwa huinamisha magurudumu ya nyuma ndani, na mwelekeo wake hubadilika pia. Huo mwelekeo ndio unaokula ukingo wa ndani wa tairi, mahali usipopaona bila kuinama. Mwambie fundi wa alaimenti apime na nyuma, kwa sababu vituo vingi hupanga mbele tu na kuishia hapo. Akilegeza bolti zenye sahani ili kupanga, azikaze gari likiwa bado juu ya mashine kwa magurudumu yake.

Endesha siku chache, kisha pitia nati zote ulizozigusa kwa spana ya kipimo, pamoja na zile za magurudumu. Mlio ukirudi baada ya wiki mbili tatu mahali palepale, mpira wa bushi hiyo ulishabanduka ndani na kukaza upya kulikupa nafuu ya muda. Peleka amu hiyo kwenye presi. Ukirudi kwa sauti tofauti au upande mwingine, anza tena kwa kiganja na chupa ya maji.